Nondo au Bastola

Msumeno ulianza kulia saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, na Earline Gadsden akajua mara moja kwamba unalia uani kwake. Alikuwa jikoni anageuza samaki kwenye kikaango. Mumewe Roscoe alikuwa mezani na bakuli lake la uji mzito wa mahindi, siagi juu yake haijayeyuka. Walitazamana. Mwaka ule kila mtu wa mtaa wa Cutler aliujua mlio huo. Ni dakika mbili tu za chuma kukata chuma, halafu ukiwasha gari lako linanguruma kama trekta. Wezi walikuwa wanakata masega ya ekzosi, lile kopo lililo katikati ya bomba la moshi, kwa sababu ndani yake mna madini ya bei. Walishamkatia mwalimu wa shule ya msingi, wakamkatia mjane wa nyumba ya kona. Sasa walikuwa chini ya basi dogo la kanisa, ambalo Roscoe, shemasi na dereva wake kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa analilaza kwake.

Roscoe akanyoosha mkono juu ya friji akachukua bastola.

"Piga simu kwanza," Earline akasema.

"Nipige niwaambie nini? Waje wakute mtu mweusi amesimama uani na bastola? Unadhani watauliza mwenye nyumba ni nani?"

"Basi usitoke nayo."

"Naenda kuwaonyesha tu."

Kuonyesha lilikuwa jambo la ukoo wao. Baba yake alimfundisha kwamba bastola ikionekana vizuri haina haja ya kulia, na kwa hiyo kila Jumamosi Roscoe alikaa barazani akisafisha ya kwake mahali ambapo mtaa mzima unaiona. Tulikuwa tukipita tunamsalimia, naye anaitikia huku anapitisha kitambaa kwenye mtutu, anauliza hali ya mama mzazi na ya goti la mjomba. Hakuwahi kumpiga nayo mtu. Tulimcheka kidogo pembeni, lakini ukweli ni kwamba tulilala vizuri zaidi kwa sababu yake.

Alishuka ngazi peku. Earline alisogea dirishani, juu ya sinki, na kutoka pale aliona kila kitu, bila pazia wala mti wa kumzuia. Vijana walikuwa wawili, wazungu. Mmoja amelala chali chini ya basi, kichwa kikiwa karibu na ubavu wa gari, msumeno mkononi. Wa pili, mdogo zaidi, alikuwa karibu na gurudumu la nyuma ameshika nondo yenye urefu wa mkono, akilinda, ila alikuwa analinda upande wa barabarani na mwenye nyumba alitokea upande wa jikoni.

Roscoe alisema watoke. Msumeno ulikuwa unalia, hawakusikia. Akainama, akashika ubavu wa basi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaielekeza bastola kwenye uso wa yule aliyelala. Kijana akageuza macho akaona tundu la mtutu likimtazama. Akapiga ukelele ambao mdogo wake aliusikia.

Nondo ilishuka juu ya mkono wa kushoto wa Roscoe, kati ya kiwiko na kiganja. Earline alisikia mfupa ukivunjika, naye yuko nyuma ya kioo. Roscoe akapiga goti lakini bastola haikumtoka. Pigo la pili likamkuta begani. Hapo alikuwa ameshamgeukia mwenye nondo na kidole kiko mahali pake, na angeweza kumuua, lakini hakufyatua. Yule wa chini alitambaa kutoka huku msumeno ungali unazunguka, ukampitia pajani, damu ikaruka hadi kwenye maandishi ya jina la kanisa ubavuni mwa basi. Wakakimbia, mmoja amemkokota mwenzake, wakauacha msumeno ukirukaruka kwenye majani mpaka ukajizima.

"Wameondoka," Roscoe akasema alipofika barazani. Jasho lilimtoka kama maji. "Yameisha."

Earline alimfunga mkono kwa taulo la jikoni, kuanzia kiwiko mpaka akaficha vidole vyote, akamwambia tena wapige simu. Roscoe akakataa. Hawakuchukua kitu, alisema, na yeye hakumwua mtu, kwa hiyo polisi waje kufanya nini? Aliiweka bastola kwenye meza ya barazani, akamwomba mkewe akabadili gauni la kulalia ili ampeleke hospitali. Akauliza hata kama samaki wameungua.

Huo ndio ujinga wetu. Tunaamini kwamba jambo likiisha uani kwako limeisha, na kwamba askari asiyeitwa haji. Mitaa miwili kutoka pale, kwenye kituo cha mafuta, Tanner Loomis, yule aliyekatwa paja, alikuwa ameegemea ukuta, kiatu kimejaa damu, simu sikioni. Alishakamatwa mara nyingi kiasi cha kujua thamani ya kutangulia. Alisema kuna mzee mweusi wa mtaa wa Cutler amewashambulia kwa bastola, yeye na mdogo wake, walipokuwa wamesimama kutengeneza gari.

*

Magari manne ya polisi yalifika kabla Earline hajabadili gauni.

Roscoe alikuwa ngazi ya chini, anangoja. Akasikia sauti nyingi kwa pamoja zikimwamuru ainue mikono. Akainua wa kulia. Wa kushoto, uliovimba ndani ya taulo, haukuinuka.

"Yote miwili!"

"Umevunjika, bwana. Huu umevunjika."

"Toa kilichomo kwenye taulo!"

Alijaribu kuliinua lile taulo kwa mkono mzima ili awaonyeshe. Ndipo walipomfyatulia bunduki ya umeme. Alianguka kifudifudi kwenye saruji, meno mawili yakabaki pale, na kabla mwili haujaacha kutetemeka askari wawili walikuwa juu yake, goti shingoni, wanauvuta ule mkono uliovunjika waupeleke nyuma kwenye pingu. Sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu tuliyemzoea. Jirani mmoja aliingia ndani akafunga mlango, na mpaka leo anaona aibu.

Earline alitoka mbio na gauni lake la kulalia. Askari alimdaka kiunoni akamgandamiza ukutani, shavu kwenye mbao. Kofia yake ya kulalia ikaanguka, ile ya hariri, na mtaa mzima tukaona nywele za Bi. Earline ambazo tangu aolewe hakuna aliyeziona hazijachanwa. Askari aliikanyaga ile kofia bila kujua.

"Huyo ndiye aliyevamiwa," Earline akasema. "Wezi walikuwa wawili. Tazameni msumeno ule pale."

"Aliyepiga simu ni mwingine, mama," askari akamjibu, tena kwa upole. "Mambo hayo utayasema mahakamani."

*

Roscoe alipigiliwa bamba la chuma mkononi huku amefungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali. Akakaa jela siku kumi na tisa. Alipotoka kwa dhamana alikuwa amepungua, na mkono wa kushoto uliishia kuinuka usawa wa kifua tu. Sharti la dhamana lilikuwa moja: silaha yoyote isikanyage nyumba ile.

Wakili wao, Bi. Oglesby, alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Aliwaeleza kwamba karatasi ya polisi ina nafasi mbili, ya mlalamikaji na ya mtuhumiwa, na anayepiga simu kwanza hukaa kwenye ile ya kwanza. Kumwondoa pale ni kazi. Sheria ya jimbo, alisema, inamruhusu mtu kuonyesha bastola, hata kuielekeza, akiogopa kuuawa au kuumizwa vibaya. Haimruhusu kumwelekezea mtu usoni kwa ajili ya kipande cha ekzosi. Aliyelala chali chini ya gari anaiba, lakini hamtishii mtu maisha.

"Kwa hiyo swali ni moja," akasema. "Nondo au bastola, kipi kilitangulia? Ikitangulia nondo, Shemasi anarudi nyumbani. Ikitangulia bastola ni shambulio la silaha, na kwa jaji huyu sioni ikipungua miaka kumi."

"Nondo," Roscoe akasema papo hapo. "Aliponipiga ndipo nikainua."

Bi. Oglesby akamgeukia Earline, akamtazama, halafu akainua kiganja kabla Earline hajafungua mdomo. "Usinijibu leo, Bi. Earline. Nenda nyumbani ukakumbuke vizuri."

Earline alikumbuka vizuri tangu siku ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Njia nzima alimsikiliza mumewe akisimulia ilivyokuwa, nondo kwanza, bastola baadaye, kwa sauti tulivu ya mtu asiye na wasiwasi, naye akaamini kwamba maumivu yalimfutia sehemu ile. Alimwonea huruma kwa hilo. Akaona afadhali hivyo, mmoja wao awe na moyo mweupe.

Jumatano mchungaji alikuja kuomba funguo za basi, mpaka mambo yatulie, alisema, maana washirika wengine wanaona vibaya. Basi lenyewe lilikuwa zima, masega yake mahali pake. Roscoe alimpa funguo kwa mkono mzima. Mchungaji akasahau kukaa hata kwa glasi ya chai.

*

Wiki moja kabla ya kesi, Jumapili saa nane mchana, gari la wazi nyuma lilipita mtaani polepole, likarudi. Earline alikuwa anapakua kuku. Risasi ya kwanza ilivunja dirisha la juu ya sinki. Ya pili iliingia kabatini, sahani zikamwagika. Roscoe alimrukia mkewe wakaanguka pamoja kwenye vigae, akamlalia, na risasi zikaendelea kuja, ya tatu, ya nne, ya tano, moja ikapasua bakuli la saladi juu ya meza. Damu ilimtoka Earline sikioni, kioo kilikuwa kimemkata. Akiwa bado chini alimwona mumewe akijiinua nusu, mkono wake wa kulia ukanyanyuka, ukapapasa juu ya friji, kushoto, kulia. Haukukuta kitu. Mkono ukashuka ukamshika kichwa.

Safari hii Earline alipiga simu yeye, kwanza kabisa, kabla ya kufuta damu. Tanner Loomis alikamatwa jioni ileile na bunduki ingali garini. Mwendesha mashtaka alisema hiyo ni kesi nyingine, haihusiani na ya Shemasi.

Siku ya kusikilizwa, Earline aliweka mkono juu ya Biblia. Mwendesha mashtaka, bwana mmoja mwenye tai ya manjano, hakumwita jina, alimwita "shahidi". Akamuuliza kama dirisha lile halina pazia, kama macho yake ni mazima, kama si kweli kwamba mumewe ana kawaida ya kujionyesha na bastola kila Jumamosi. Halafu akauliza kipi kilitangulia.

Earline aliuona tena ule mkono ukipapasa juu ya friji.

"Nondo," akasema.

Jaji alimwachia Roscoe siku ileile. Kanisani waliimba mpaka madirisha yakatetemeka, mchungaji akarudisha funguo mbele ya watu, na bastola ikarudi kwao ndani ya mfuko wa karatasi wenye namba. Tulishangilia sana, na mimi nilikuwemo.

*

Sheria haipendi kubaki mikono mitupu. Kama nondo ndiyo iliyotangulia, basi mwenye nondo ndiye mshambuliaji, na mwenye nondo alikuwa Wade Loomis, miaka kumi na tisa. Kuhusu wizi alikiri bila kubishana. Lakini alisema alimpiga mzee kwa sababu aligeuka akakuta bastola iko usoni kwa kaka yake. Hakuna aliyemuunga mkono. Tanner hakuna aliyekuwa anamwamini tena, na shahidi pekee mwingine alikuwa Earline, ambaye sasa mwendesha mashtaka alimwandikia barua ya heshima kumwita akaseme tena alichokisema. Miaka ambayo mwendesha mashtaka alitaka Wade afungwe ilikuwa ileile kumi.

Mama wa vijana hao alikuja nyumbani kwa Earline siku ya Alhamisi. Alisimama chini ya ngazi na sare ya kazi, hakupanda. Hakuomba msamaha kwa ajili ya Tanner, alisema yule ameshamshinda. "Huyu mdogo wanampiga mle ndani. Wamemvunja taya," akasema. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Niambie kama mwanangu ananidanganya, nimwache."

Earline alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Mwishowe akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Asubuhi ya kesi alikuwa anapiga pasi gauni lake la kijivu. Roscoe alikuwa mezani, bastola imerudi juu ya friji.

"Sema vilevile," akamwambia. "Nondo. Usiongeze neno, usipunguze. Ukiongeza watakuvuruga."

Pasi ikasimama. Earline alikaa na maneno yale kichwani. Mtu anayeamini kwamba nondo ilitangulia angemwambia sema ulichoona.

"Vilevile kama nini, Roscoe?"

"Kama ulivyosema."

"Kwa nini huniambii niseme nilichoona?"

Roscoe akaanza kuusugua mkono mbovu, pale chuma kilipoingia. Nje kulikuwa na mtu anakata majani kwa mashine, na wote wawili wakawa wanaisikiliza.

"Ulijua," Earline akasema.

"Bastola ilikuwa mkononi mwangu. Nitakosaje kujua?"

"Tangu lini?"

"Tangu palepale."

Alisema aliogopa. Ana miaka sitini na miwili, miaka kumi angeifia mle ndani. Alisema kama angemwambia ukweli, yeye Earline asingeweza kusema uongo ule mbele ya Mungu, anamjua. Alimwachia aamini kwamba mumewe amesahau, ili aone anamwokoa mtu asiye na kosa. Alisema yote hayo akitazama meza.

"Kwa hiyo dhambi ulinitwika mimi peke yangu," Earline akasema, "na wewe ukaenda kuimba."

"Ukigeuza maneno leo watakufunga wewe, na mimi watanirudia. Sote wawili, Earline. Kwa ajili ya mwizi."

Earline alichomoa pasi ukutani. Alivaa gauni hivyohivyo, mkono mmoja umenyooka na mwingine una mikunjo.

*

Wade Loomis aliletwa na pingu. Taya lake lilikuwa limefungwa waya, jicho moja limejaa damu, na shati la kuazima lilimzidi mabega. Mama yake alikaa mstari wa pili, sisi wa mtaa wa Cutler tulikaa upande wa pili, na Roscoe alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango uliokuwa na askari.

Yule bwana wa tai, siku hiyo ya buluu, alimwita Bibi Gadsden. Alimvutia kiti. Alimuuliza hali ya sikio, hali ya mume, akasema anajua ni vigumu kurudia mambo ya uchungu na hatamweka sana. Swali ni moja tu, lile alilolijibu vizuri mara ya kwanza.

"Bibi Gadsden, ulikuwa dirishani. Kipi kilitangulia, nondo au bastola?"

Earline alikitazama kiganja chake, kilichokuwa juu ya Biblia dakika moja iliyopita. Halafu akamtazama kijana.

"Bastola," akasema.

Bwana wa tai akatabasamu kama mtu aliyesikia vibaya, akaanza kurudia swali. Earline hakumngoja amalize. Alisema mumewe aliielekeza kwa aliyelala, usoni, na aliyelala akapiga ukelele, na huyu hapa akageuka akaona, ndipo akapiga. Alisema mara ya kwanza alidanganya, kwenye Biblia hiyohiyo. Mama wa kijana alijishika mdomo. Jaji akamwamuru Earline anyamaze, akamwambia kwamba kila neno analolisema linamtia hatarini yeye mwenyewe, kwamba ana haki ya wakili, halafu akamtaka afute maneno yale au asimame nayo.

Nyuma, benchi likalia. Roscoe alikuwa amesimama. Askari wa mlangoni akapeleka mkono kiunoni, akalisogeza koti ili bastola ionekane, akamwambia mzee akae. Roscoe hakukaa. Aliinua mikono kabla hajaambiwa, wa kulia ukafika juu ya kichwa, wa kushoto ukakwama kifuani.

"Mwacheni," akasema. "Anasema kweli."